Kandambili za Mbele ya Friji

Mtaa mzima humwita mume wangu Testa, kwa ajili ya ile bisibisi yenye taa isiyotoka kwenye mfuko wa shati lake. Ni fundi umeme, na ni fundi kweli; haki yake simnyimi. Nyumba aliyotandaza nyaya kwa mkono wake haijawahi kuungua.

Akiwa kazini husema hadi mate yamkauke. "Umeme ni mgeni asiyelala kwenu," huwaambia wateja. "Unakuja kwa waya mwekundu, unafanya kazi, unarudi kwa mweusi. Ukikosa njia ya kurudia, unatafuta nyingine." Kisha huinua waya wa kijani, ule unaofungwa ardhini. "Huu siku zote hauna kazi, ndiyo maana mnaufanyia ubahili. Lakini umeme ukivuja, huu ndio unaoupeleka chini. Usipouweka, siku moja utakuwa waya wewe."

Maneno matamu hayo. Kwetu waya wa kijani ulikuwa umeishia nje ya ukuta, unaning'inia. Nondo ya shaba ya kuufunga ardhini alikuwa ameinunua, na ilikaa nyuma ya mlango wa jikoni miaka mitatu, ikizuia mlango usipigwe na upepo.

Friji likaanza kuuma. Waya mwekundu ndani yake ulichubuka ukagusa bati. Mwanzo nilihisi kama sisimizi vidoleni, baadaye likawa linanipiga hadi kiwiko. Nilipomwambia, akacheka.

"Kinyozi hajinyoi, mke wangu. Kesho."

Alipoona nimenuna, akaleta kandambili za raba akaziweka mbele ya friji. "Vaa hizi kabla hujalishika. Raba inauzibia njia." Ikawa sheria ya nyumba. Watoto wetu walijua kandambili za friji kabla hawajajua kusoma.

Ndipo mama yangu akaja kututembelea. Mama hakumtaka Testa tangu mwanzo. Alisema bintiye hataolewa na mtu anayeshinda kwenye dari za watu. Miaka kumi nilimsifia mume wangu kwenye simu mpaka mama akalainika.

Jioni ya kwanza, tukiwa tunakula, akauliza, "Mwanangu, hizi kandambili mbona zimesimama hapa kama askari wa zamu?"

Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama sahani yake. Nikaona aibu, Mungu anisamehe, aibu ya kusema kwamba friji la fundi linauma.

"Sakafu ina baridi, mama. Uvae ukija kufungua friji."

"Baridi gani? Miguu hii imezoea," akasema, akacheka. Na mimi nikamwongezea mchuzi.

Asubuhi yake Testa alienda kazini, mimi nikatoka kuanika nguo. Mama hakujua kukaa bure nyumbani kwa bintiye. Alipiga deki jikoni, miguu peku, kisha akataka maziwa ya chai. Nilisikia ndoo ikianguka. Nilipofika alikuwa chini kwenye maji, mlango wa friji uko wazi. Kandambili alikuwa amezisogeza pembeni ili apige deki vizuri. Zilikuwa kavu.

Msibani watu walisema siku zake zilifika. Testa aliitikia kwa kichwa. Nami niliitikia, kwa kuwa yule aliyemwambia mama habari za baridi nilikuwa mimi.

Siku ya tatu baada ya maziko nilisikia nyundo nyuma ya nyumba. Testa alikuwa anaipigilia ardhini ile nondo ya shaba. Akaufunga waya wa kijani kwenye nondo, akauunganisha na bati la friji, akaingia ndani na udongo mikononi. Nilitazama saa ya ukutani. Kazi yote, dakika ishirini.

"Sasa shika hata ukiwa peku," akasema, bila kunitazama.

Nikavua viatu. Nikamwaga maji sakafuni, nikasimama pale alipoangukia mama, nikalishika friji kwa mikono miwili. Halikuuma. Nililia siku ile kuliko nilivyolia makaburini.