Nionyesheni Kwanza Mwenye Kuendesha

Sikukataa ndege kwa woga. Waliosema hivyo, waulizeni wao wamewahi kushusha watu wangapi shimoni.

Jicho langu la kuume lilikuwa linazimika, na daktari wa kulipasua alikuwa Kinshasa. Toka Likasi, huko hufiki kwa miguu. Mkwe wangu, fundi wa kompyuta, alinunua tikiti, halafu akataka kunitia moyo. Hapo ndipo alipoharibu.

"Papa, usiogope. Kule chini banaona ndeke yote mu ekra ya kompyuta. Kesho-kesho hata piloti hatakuwa, bataiendesha toka chini."

"Basi minye siendi."

"Papa, jicho litakufa!"

"Likufe. Litakufa nikiwa mu kiti yangu."

Binti yangu akalia. Nami niliumia, sikatai, lakini sikurudi nyuma.

Nimesoma madarasa manne tu. Ila kazi hiyo ya kuendesha watu toka mbali naijua. Miaka mingi kule mgodini Kambove niliendesha mashine ya kushusha kaji, lile sanduku la chuma la kubebea wachimbaji. Nilikaa juu, sikuwaona. Mshale ulinionyesha wamefika wapi, kengele yao ikaniambia la kufanya: moja simama, mbili shusha, tatu pandisha. Siku moja maji yaliingia kwenye waya, kengele ikalia yenyewe mara tatu. Mshale sawa, mashine sawa, nikavuta. Chini, mtu alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mwenzake aliyekuwa ndani akamnyakua kwa kola. Kiatu kilibaki, mguu ukapanda. Na mimi juu? Nilikuwa natafuna karanga.

Kwa hiyo watuangalie toka chini, vizuri, hata kutwa nzima. Lakini mkono wa kuendesha uwe wa mtu ambaye tukianguka, naye anaanguka.

Siku ya safari binti yangu alinikokota hadi uwanja wa Lubumbashi. Kwenye ngazi ya ndege nikashika chuma, nikasimama.

"Mzee, panda!" mhudumu akaniambia.

"Nimuone kwanza mwenye kuendesha."

"Papa, unatuchelewesha!" watu wakafoka nyuma. Binti yangu akajifunika uso kwa kitambaa.

Akashuka mwanamke kijana, shati jeupe, mikono ya shati imekunjwa.

"Ni minye, papa."

"Weye iko na batoto?"

"Babili. Beko Kinshasa."

"Utabaona lini?"

"Leo. Tutakula pamoja mangaribi."

Nikaachia chuma, nikapanda.