Ufunguo Uliolala Kiunoni

Saa moja na robo asubuhi, Verlene Kubala anaipangusa bastola kwa kitambaa laini, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha anaipangusa tena palepale. Ni bastola fupi, inakaribia kuenea kiganjani. Haina risasi. Amekwisha kuikagua mara mbili, na mgeni, mwandishi wa habari hii, alipoingia akaikagua mara ya tatu.

Chuma chote kimejaa majani ya mzabibu, aliyoyachonga kwa patasi na nyundo ndogo, pigo mojamoja, kwa wiki sita. Mpini umevikwa mabamba ya pembe ya maksai, rangi ya asali iliyokolea. Kwenye bamba la kulia amepachika ufunguo mdogo wa fedha, ambao ni chapa ya ng'ombe wa ukoo wa Orsak.

"Niione kwenye ala yake tu, halafu nimpigie Milton aje aichukue," anasema.

Anaitumbukiza katika ala ya ngozi, mtutu chini, mpini juu, na kuitundika kwenye msumari ukutani. Anarudi nyuma hatua mbili. Anatazama. Kisha anavuta stuli na kukaa taratibu.

"Umelala," anasema. "Mama yangu, ufunguo umelala."

Ni kweli. Bastola ikiwa mkononi, mtutu mbele, ufunguo unasimama wima. Ikiingia kwenye ala inageuka, na ufunguo unalala ubavu. Mahali pengine hiyo ingekuwa kasoro ndogo. Lakini hapa Zelena, mji mdogo wa wafugaji kusini mwa Texas, ufunguo uliosimama ni wa akina Orsak, na uliolala ni wa akina Vrana. Mababu zao walikuwa mashemeji; walipogawana mifugo waligawana na chapa. Siku hizi koo hizo mbili zinagombea kisima kimoja, na ugomvi huo una miaka arobaini.

Milton Orsak, mwenye bastola, anastaafu unaibu sherifu, cheo cha askari wa wilaya, baada ya miaka ishirini na saba. Jumamosi ni karamu ya nyama choma ya askari wa wilaya. Leroy Vrana, naye askari, hajawahi kuikosa.

Huku askari ana bastola ya kazi na bastola ya karamu. Ya kazi ni nyeusi na haina maneno mengi. Ya karamu huvishwa fedha, pembe na maua, ikavaliwa siku ya nyama, siku ya harusi na siku ya mtakatifu wa parokia. Ina sheria moja: haichomolewi. Anayeichomoa mezani huonekana mshamba, na mwaka unaofuata barua ya mwaliko humpita. Kwa hiyo watu huiona ikiwa kiunoni tu, na huitazama sana, huku wakijifanya wanaangalia soseji.

Milton hakununua mpya. Alileta ileile fupi aliyoibeba kazini miaka yote. "Imekula vumbi na mimi," alimwambia Verlene. "Sasa nayo ivae vizuri." Pembe aliyoleta ilikuwa ya maksai wa mwisho wa marehemu baba yake.

Verlene ana miaka sitini na mitatu, na kazi hii aliianza akiwa na ishirini na minne, akifundishwa na baba mkwe wake. Kwa bastola ya Milton atalipwa dola 1,600. Karakana za mjini zenye mashine huchonga maua kwa dola 250, mchana mmoja, na mteja anangoja akinywa soda. Zisichokubali kugusa ni chapa za zamani na pembe, na hapo ndipo riziki yake ilipobakia.

Anapiga simu. Milton anafika kabla kahawa haijapoa, kofia mkononi. Anaitazama ala ukutani, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Bi Verlene, nivae chapa ya Leroy mbele ya Leroy?"

"Ndiyo maana nimekuita kabla hujaivaa."

"Huwezi kuugeuza?"

"Pembe imeshachimbwa. Nikiugeuza, kovu linabaki."

"Basi weka pembe nyingine."

"Ipi? Uliniletea moja, nayo nimeimaliza."

Milton anajikuna shingo. Pembe ya pili ya maksai yule ipo, lakini imetundikwa juu ya mlango wa jikoni kwa mama yake, na ina miaka thelathini pale. "Kuliko kumwomba mama ile pembe," anasema, "afadhali unitume kwa Leroy nikaombe kisima."

Hata hivyo anakwenda. Saa nane mchana anarudi, na hakurudi peke yake. Bi Albina Orsak, miaka themanini na minane, anashuka kwenye gari akiwa amekumbatia pembe ndani ya foronya ya mto. Anaingia karakanani bila hodi na kuutazama ufunguo muda mrefu.

"Ulipokuwa unapima, nani alikuvalia?" anauliza.

Verlene anakikunja kitambaa chake cha kupangusia.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Hakuna mtu. Nilipimia kwenye jiliwa, imebanwa mezani."

Bi Albina anaketi. Milton anatazama kofia yake. Wote watatu wanajua jibu hilo lina maana gani.

Kwa miaka thelathini na mmoja, aliyemvalia Verlene alikuwa mumewe, Alfons. Kila ilipokuja bastola ya chapa, Alfons aliifunga kiunoni ikiwa tupu, akasimama kando ya meza akila na kulalamikia goti, naye Verlene akachora kwa penseli mahali chapa itakapokaa. Alfons alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo Verlene amekuwa akipokea kazi za maua na majani tu, vitu visivyojali vimegeuzwa vipi. Hii ya Milton ndiyo chapa yake ya kwanza akiwa mjane.

"Sikusahau kupima," anasema. "Nilipima mara nne. Nilichosahau ni kwamba yeye ndiye alikuwa kipimo."

Pembe kavu ya miaka thelathini hupasuka kwa kuguswa vibaya na msumeno, na nyingine haipo. Verlene analisema wazi: ikipasuka, anafunga karakana. Chapa zikimshinda hana kazi, maana maua yamekwisha kuchukuliwa na mashine.

Bi Albina anaiweka foronya mezani. "Marehemu alimpenda huyu maksai kuliko alivyonipenda mimi, na nilishamsamehe. Kata."

"Mama, ikipasuka..." Verlene anaanza.

"Ikipasuka nitakutukana, halafu tutakunywa kahawa. Kata. Na wewe Milton, funga mkanda usimame hapa."

Milton anasimama. Verlene anapiga magoti na penseli, akiipima bastola mahali ilipo. Baada ya dakika chache Bi Albina anamtazama mwanawe.

"Acha kuvuta tumbo."

"Sijavuta, mama."

"Umevuta. Hilo tumbo ndilo utakalokwenda nalo Jumamosi. Lilegeze apime ukweli."

Milton anacheka mpaka penseli inateleza, na Verlene naye anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Alhamisi anakata, kwa msumeno mwembamba kama uzi, akisimama kila baada ya sentimita kuipumzisha pembe. Haikupasuka. Ijumaa jioni ufunguo wa fedha unaingia mahali pake. Wima.

Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa, nyama ya kidari imekesha kwenye moshi, na kolachi, vimkate vitamu vyenye jamu ya plamu, zimejaa meza nzima. Verlene amekuja. Hakuwa amehudhuria tangu msiba, na leo amekaa kando ya Bi Albina, macho yake hayatoki kwenye kiuno cha Milton.

Leroy Vrana anakuja na sahani yake. Anainama kidogo, anautazama ufunguo, anatafuna, anameza.

"Nimesikia ulilala," anasema.

"Nani kakwambia?" Milton anauliza.

"Mama yako. Kanipigia simu ili nije nione umeamka."

Bi Albina anaendelea kula kolachi yake kana kwamba wanazungumziwa watu wengine. Leroy anamgeukia Verlene na kuvua kofia.

"Bi Verlene, nitengenezee na mimi. Wangu ulale."

"Njoo Jumatatu na bastola tupu na ala yako. Utasimama saa nzima."

"Nina goti baya."

"Utalalamika. Nimezoea."

Leroy anapoondoka, Verlene anamweleza Bi Albina mpango wake. Ataendelea na chapa, lakini kila mwenye chapa atakuja mwenyewe asimame kando ya meza.

"Pale kwenye sakafu mbao zimelika kwa viatu vya Alfons," anasema. "Miaka miwili nilikuwa napazunguka, sitaki hata kupafagia. Milton alisimama palepale na hakujua. Sasa na wapakanyage."