Siku Nilipoanika Kompyuta ya Parokia

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mkumbi, maana wao wanaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyeanika kompyuta kwenye kichanja cha kahawa, mchana kweupe, parokiani Mbinga.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wameanza kuja kugombea kahawa yetu, na mmoja wao alifungua ofisi mjini akataka mtu wa kutaipu, mmoja tu, akamwambia Sista aliyetufundisha kompyuta kwenye kituo cha parokia kwamba atakuja kutujaribu yeye mwenyewe. Mimi niliishia darasa la saba, nikiikosa nafasi ile narudi Mkumbi kuchimba mashimo ya ngoro, yale ya kilimo cha mlimani, na kaka zangu, kwa hiyo siku ya kujaribiwa niliwahi kuliko wote (hata chai sikunywa kwa furaha), nikawasha programu ya kufundishia kutaipu nijinoe kidogo. Lo! Herufi zote zinatetemeka, mstari wa kunakili unayumba, na ile picha ya vidole imekuwa ya kijani!

Mwenye akili angemwita Sista. Mimi (aibu yangu mnaijua, hata dukani naagiza kwa kidole) nikajiambia huu ni unyevu, ukungu wa Mbinga umeingia ndani, na kwetu kitu kikishika unyevu kinapelekwa kichanjani. Nikachomoa skrini, nikaikumbatia, nikailaza juu ya kahawa ya parokia, uso juani.

Mama Kapinga, aliyekuwa akigeuza kahawa, akaniangalia. "Wewe kijana, hiyo nayo mmeichuma shamba gani?"

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikakimbilia chooni kujificha. Nikiwa humo nikasikia, "Mvua! Mvua!" na mnajua kahawa ikiwa nje hakuna anayeuliza maswali, kila mtu anakamata turubai. Nilipotoka kichanja chote kimefunikwa, na gari la mnunuzi linaingia getini.

"Sista, mbona kompyuta yako haina kichwa?" mnunuzi akauliza alipoingia darasani.

"Nani ameona skrini?" Sista akatugeukia wanafunzi.

Nikatazama sakafu. Bahati mbaya yalikuwa manyunyu tu, yakakatika upesi, na Mama Kapinga akachungulia dirishani: "Sista, televisheni yenu imekauka. Tuikoboe?"

Darasa zima likalipuka! Nikanyoosha mkono, "Ni mimi, Sista," nikaenda kuileta huku punje za kahawa zikidondoka kutoka kwenye matundu yake, tukaiwasha, na herufi zikatetemeka vilevile.

Sista akainama kando ya meza. "Jamani, nani ameacha amplifaya ya kwaya inanguruma hapa, imegusana na mashine? Sumaku yake ndiyo inayotetemesha skrini." Akaizima. Herufi zikatulia tuli!

Nikaitwa wa kwanza. Sijui niseme nini, labda aibu yote ilikuwa imeniishia, maana vidole vilikimbia kama si vyangu, mstari baada ya mstari, na wale akina mama wa kichanjani wananishangilia dirishani!

"Nafasi umeipata," mnunuzi akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ila kwangu kitu kikikusumbua, niite. Hata kama ni kalamu."

"Ndiyo, mzee."

Basi wiki ya kwanza tu kompyuta ya ofisini ikakataa kuwaka, nikamwita kwa sauti mbele ya wateja, akaja mbio, akakuta sijachomeka waya. Akaguna, akachomeka, akaondoka. Na mpaka leo kitu kikinisumbua namwita, maana kuchekwa na ofisi moja ni nafuu kuliko kuchekwa na parokia nzima.