Tulisahau Kumuuliza Ameoa Wapi

Timu yetu ya mpira wa kikapu ya Nachingwea ilijua kufunga, na hilo hata mahasimu wetu walikiri. Shida ilikuwa ile kazi nyingine, ya kurudi nyuma wenzako wakiwa na mpira, ambayo kila mmoja wetu aliamini ni ya mwenzake. Tukifunga tisini, tunafungwa mia, kisha tunarudi nyumbani tukijisifu kwa zile tisini. Mimi nilikuwa nahodha, na kazi ya nahodha ni kupanga mashambulizi, kwa hiyo suala la ulinzi sikuona kama linanihusu sana.

Ruangwa walipotufunga nyumbani kwetu, walitutangaza vibaya. Walisema goli letu ni kama nyumba yenye msiba, kila mtu anaingia bila kupiga hodi. Maneno hayo yalitukuta hadi sokoni. Kocha wetu, mama mmoja mwalimu wa sekondari, alituambia kwamba kama hatutampata mtu wa kukaba kabla ya mechi ya marudiano, atatuachia filimbi yake akalime ufuta. Hakuwa mtu wa kutania.

Tukaanza kusajili. Wa kwanza alikuwa kipa wa mpira wa miguu, mrefu, mikono kama makasia. Mazoezini alidaka mpira vizuri sana, halafu akaupiga teke ukatua uani kwa watu, ndani ya sufuria ya maharage. Wa pili alikuwa mbeba magunia wa kwenye ghala la korosho. Huyu alielewa kwamba mpinzani hatakiwi kufika golini, basi akamkumbatia, akamnyanyua, akamweka nje ya uwanja taratibu kabisa, kisha akarudi kumchukua mwingine. Kocha alifumba macho. Mimi nilimtetea, nikasema angalau huyu anajituma.

Wa tatu nilimwona mwenyewe, na mpaka leo najisifia jicho langu. Nilikuwa nimekwenda Kilimarondo kutafuta ufuta wa kununua, nikakuta kijana mmoja anapambana na kundi la nyani ukingoni mwa shamba la mahindi. Hakuwa anawakimbiza hovyo. Alikuwa amechuchumaa kidogo, mikono kaitandaza, anakwenda upandeupande kila nyani anapokwenda, na hata mara moja hakuwapa mgongo. Nyani mkubwa alijifanya anapita kulia ili apite kushoto, akamkuta yuko kushoto tayari anamsubiri. Nilisahau habari za ufuta.

Nilimbembeleza kama ninayeposa. Alikuwa mpole, mwenye aibu, na kichwa chake kilikuwa kimejaa jambo moja tu. Alikuwa ameoa, akakaa ukweni kama desturi ya huku inavyotaka, akamlimia mama mkwe msimu mzima bila kununa. Sasa alitaka kumleta mkewe Kilimarondo, lakini mjomba wa mke, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile, alikuwa hajakubali. Mjomba alisema hawezi kumtoa mpwa wake, aliyemwita mwanawe, kwenda kuishi na nguruwe pori na tembo, na mume hajulikani kama ana kifua cha kumlinda. Kijana aliniambia haya karibu analia. Nami nilimwitikia pole, pole sana, huku napima kwa macho urefu wa mikono yake.

Tulimuuliza anavaa kiatu namba ngapi. Tulimuuliza kama ana pumzi, kama anaamka mapema, kama miguu humkaza. Lile swali ambalo bibi yangu humuuliza mgeni kabla hata hajamuuliza jina, umeoa wapi na kwa akina nani, hakuna aliyelikumbuka. Aliposikia mechi ni Ruangwa alitabasamu, nikadhani anapenda mjini.

Siku ya mechi uwanja wa Ruangwa ulijaa, maana hapakuwa na mpira wa miguu siku hiyo. Watu wenyewe walizoea mpira wa miguu tu, wakawa wanadai hata kona. Kijana wetu alianza kwa kumkaba mchezaji wao mmoja hadi yule jamaa akaomba kutoka. Kocha alitabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akamwita kijana, akamwelekeza kwa mfungaji wao hatari, mtu mzima mwenye kipara, dereva wa lori la korosho, aliyekuwa anatupa mipira kutoka mbali kama anayerusha maganda.

Dereva akaja anadunda mpira. Kijana wetu akatandaza mikono, akamtazama usoni, kisha mikono ikashuka. Akapiga goti na kusema shikamoo mjomba.

Yule mtu akaitikia marahaba, akampita, akafunga.

Safari ya pili akampisha njia kwa heshima zote, ameinamisha kichwa. Safari ya tatu mpira ulimponyoka mjomba ukamgonga kijana mguuni. Kijana akauokota na kumrudishia mkwewe kwa mikono miwili, kama anayempa bakuli la uji. Nilipiga kelele ambazo nina hakika zilisikika hadi kijijini Matambarale. Kocha akaomba mapumziko, na hapo ndipo kijana alipotueleza kwamba huyo ndiye mjomba wa mkewe, na kwamba hakujua kama wakwe nao hucheza kikapu. Nilimwambia huu ni mchezo tu. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba akimgusa mzee yule mbele za watu, mke hatampata tena.

Tulijaribu kumbadilishia mtu wa kukaba. Haikusaidia, kwa sababu mjomba alishajua penye njia nyeupe, na kila alikohamia kijana, naye alihamia hukohuko. Tuliendelea kufunga kwa hasira, wakaendelea kufunga kwa raha. Hata hivyo tulifunga sana, na mechi ilipokaribia kwisha tulikuwa mbele kwa pointi moja.

Mpira ukatoka nje, ukawa wao. Mjomba ndiye aliyekwenda kuurusha, lakini aliushika kwanza akamgeukia kijana. Nilikuwa karibu, nikaona amekasirika kwelikweli.

"Kutwa nzima unanipisha," alisema. "Nguruwe wakija shambani utawapisha pia? Mwanangu nimkabidhi mtu wa kupisha?"

Mjomba akarusha mpira, akarudishiwa, akaja moja kwa moja. Na pale mbele ya goli letu nilimwona tena yule mtu wa Kilimarondo, magoti yamekunjwa, mikono imefunguka, anakwenda upandeupande. Akatoa hata ukelele, kama wa kufukuzia nyani. Mjomba akajifanya anakwenda kulia, akakata kushoto, akaruka. Kijana akaruka naye, akaupiga mpira ukamtoka mzee mikononi. Mjomba akaanguka kwenye saruji, akakalia makalio yake mbele ya mji mzima.

Ningependa kusema tulishinda. Lakini sisi wengine wanne, tulipoona mpira umepokonywa, tulikimbilia goli la upande wa pili kama kawaida yetu, tukanyoosha mikono kuomba pasi. Mpira ulibingirika hadi kwa mfupi wao mmoja aliyekuwa amesimama peke yake chini ya kikapu chetu. Alitazama kulia na kushoto, akashangaa kutuona mbali vile, akautumbukiza. Filimbi ikalia.

Nilianza kuwatukana wenzangu mmoja mmoja, nikanyamaza nilipomwona kijana. Alikuwa amepiga magoti kando ya mkwewe, anaomba radhi. Nilimhurumia kwa mara ya kwanza, kwani tangu nimjue nilikuwa nahurumia timu tu. Mjomba alijipapasa kiuno, akanyoosha mkono ainuliwe. Aliposimama hakuuachia mkono wa kijana.

"Jumamosi njoo na gari," alisema. "Umchukue."

Nilicheka, nikamkumbatia kijana, nikafurahi kama niliyeoa mimi. Furaha ilidumu mpaka nilipomuuliza mazoezi ya wiki ijayo atafikaje kutoka Kilimarondo. Alikuwa anavua vile viatu tulivyomnunulia, anavifuta vumbi vizuri ili anirudishie.

"Sitakuja, kaka," alisema. "Sasa nina wangu wa kumlinda."