Waliokuja Kung'oa Magugu

Ng'washi hakuwa mtu wa kuamini cha bure. Wale wanafunzi kutoka Nyegezi waliposhuka ufukweni, wamevaa mabuti mapya na fulana zinazofanana, wakasema wamekuja kung'oa magugu maji kwa kujitolea, yeye aliendelea kugeuza samaki wake juu ya moshi bila kuinua kichwa. Neno kujitolea alilijua vizuri. Ujana wake wote alijitolea: kuchimba mitaro, kubeba mawe ya zahanati, huku mgambo amesimama nyuma kuhakikisha unajitolea kwa moyo mkunjufu.

"Nani amewatuma hawa?" alimuuliza Rebeka, jirani yake wa tanuri.

"Wanasema hakuna. Eti chuo kinawafundisha kazi, na kuishi na watu."

"Kuishi na watu mtu anafundishwa na mama yake. Hapa kuna jambo."

Mwalo wa Nyamhande, mahali pa kushushia samaki, uko ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Mwaka ule magugu yalikuwa yameufunga hasa. Ukisimama ufukweni ungedhani ziwa limegeuka bustani. Mitumbwi ilipenya kwenye kichochoro kimoja chembamba, ikisukumwa kwa miti, na wavuvi wakitukana njia nzima. Lakini magugu hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha Ng'washi. Mialo mingine, tangu enzi za ruksa zifungue biashara, ilikuwa imeshikwa na viwanda vya minofu. Boti zao za barafu zilifika, mawakala wakanunua sangara wote, na akina mama wa kubanika wakaachwa wakigombania vichwa na mifupa. Nyamhande boti hizo zilishindwa kupita. Sangara wa pale walimfikia yeye, na kwa tanuri lile moja alikuwa analea wajukuu wake.

"Magugu yakiisha, nani ataingia? Jiulizeni hilo," aliwaambia wenzake.

Wala hakuwa anaropoka. Marehemu mumewe, Masele, alikuwa fundi katika kinu cha pamba. Siku moja walikuja vijana wenye adabu, shikamoo nyingi, wakaomba kujifunza. Masele, maskini, akawazungusha kinu kizima akiwaeleza kila mashine kwa furaha. Waliofuata baada yao walikuja na kufuli, wakakifunga kinu. Masele alirudi nyumbani, akakalia kiti kile kile mpaka alipokufa kwa ugonjwa usio na jina. Tangu hapo Ng'washi akikutana na kijana mwenye adabu kupita kiasi, hukaza fundo la kanga yake.

Kiongozi wa wanafunzi alikuwa binti mwembamba aitwaye Odeta, msomi wa mambo ya biashara. Siku ya kwanza alisimama kuwaeleza wavuvi kilichowaleta, sauti ikamkauka, akabaki kutazama chini. Wavuvi wakacheka. Wenzake nao hawakumsikiliza. Wawili walikaa kivulini tangu asubuhi wakipiga soga. Kisha ikafika saa ya kula, na hapo ndipo walipoharibu kabisa.

Akina mama walikuwa wamepika ugali na samaki. Ndiyo desturi: anayekutolea jasho humrudishi na njaa, hata kama humpendi. Odeta akashukuru kwa upole, akasema hawapendi kuwa mzigo, wamekuja na maandazi yao. Wakajitenga pembeni, wakala. Kwa watu wa Nyamhande, mtu anayekufanyia kazi akakataa chakula chako anakuambia kwamba yuko anayemlipa, na kwamba huyo hajaonekana bado.

"Mmeona?" alisema Ng'washi. "Wameshashibishwa na tajiri wao."

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyewaazima mtumbwi. Mapanga yao mawili yalipotea, na kila aliyeulizwa alitazama mawingu.

Odeta akaja peke yake mpaka kwenye tanuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, tumekosea wapi?"

Swali lile lilimpendeza Ng'washi bila kutaka. Wasomi wote aliowahi kuwaona walikuja kumweleza yeye amekosea wapi. Akamwambia habari ya chakula. Binti akaona haya, akaketi juu ya kigogo, akamega ugali aliowekewa, akala mpaka akalamba vidole.

"Sasa niambie kweli," Ng'washi akamkazia macho. "Faida ya kazi hii anaila nani?"

"Mimi, mama. Nikimaliza chuo, serikali haiajiri tena kama zamani. Wanaoajiri siku hizi wanataka mtu anayeweza kuongoza wenzake na kuzungumza na watu asiowajua. Na mimi siku ile uliniona."

"Nilikuona. Ulikuwa unahutubia mabuti yako."

Jibu lilikuwa la kweli, lakini Ng'washi hakutosheka. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Basi na huyu akae karibu, nimwone. Mitumbwi ikaazimwa tena, na kila Jumamosi akamweka ubavuni mwake mitumbwi ilipotia nanga. Binti akaona jinsi mama huyo anavyonunua: kwanza huuliza hali ya ziwa usiku, kisha watoto wa mvuvi, mmoja mmoja kwa jina, halafu kimya, mpaka mvuvi ataje bei mwenyewe na aipunguze mwenyewe. Hakuna aliyesema anafundisha. Ng'washi alikuwa akilinda tu.

Na binti akabadilika. Wale wavivu wa kivulini hakuwagombeza. Aliwapa kazi ya kuhesabu zamu pamoja na wavuvi, wakaona haya kukaa. Wavuvi wawili walipotaka kupigana juu ya nani afunguliwe njia kwanza, ni Odeta aliyewaketisha, akawasikiliza hadi wakachoka wenyewe. Mvua za vuli zilipoanza, maji yalikuwa wazi. Wanafunzi wakaaga, wakaondoka. Hakuna tajiri aliyekuja. Mwezi ukapita, na mwingine, Ng'washi akaanza kujicheka kwa shaka zake.

Kisha asubuhi moja boti ya barafu iliingia Nyamhande, na mbele yake amesimama Odeta, wakala wa kiwanda cha minofu.

"Mwangaluka!" aliwasalimu kwa Kisukuma, wavuvi wakashangilia. Akauliza ziwa lilikuwaje usiku. Akauliza habari za watoto, kila mmoja kwa jina. Kisha akanyamaza. Bei ilipotajwa na kupunguzwa, bado ilikuwa juu kuliko chochote Ng'washi angeweza kutoa. Sangara wote wakapanda botini, naye akabaki ameshika tenga tupu, kifuani kumejaa hasira na, jambo lililomuudhi zaidi, fahari.

Odeta alimfuata.

"Ulijua?" Ng'washi aliuliza.

"Sikujua, mama. Haki ya Mungu. Nilipomaliza chuo walitangaza kazi, wakaniuliza kama nimewahi kufanya kazi na wavuvi. Nikawaeleza ya hapa. Wakanichukua siku ile ile." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Nikikataa, atakuja mwingine asiyewajua."

Ng'washi aliuchunguza uso ule kama alivyouchunguza miezi yote, akiutafuta uongo. Hakuuona. Mwizi unampigia yowe, watu wanatoka na marungu. Huyu angempigia yowe la nini?

Boti ilipoondoka Rebeka akamsogelea. "Kumbe ulisema kweli. Alikudanganya."

"Hakunidanganya," alisema Ng'washi. "Afadhali angenidanganya."

Akachota maji ziwani, akaenda kuzima tanuri.