Nina leseni ya ukunga mfukoni, bado nasubiri kugongewa ukuta

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hili sikusimuliwa, lilinikuta mwenyewe hapa Arusha, miaka ile ya ruksa, zahanati binafsi zilipoanza kuota kila mtaa.

Nilikuwa nesi kwenye zahanati moja Levolosi. Chumba cha kuzalishia kilitengwa kwa pazia zito la kijani.

Enzi hizo kwetu nesi alikuwa na leseni yake na mkunga ya kwake, kila mmoja na chombo chake kinachomsimamia. Mwenye zahanati, tukimwita Dokta, alilishika hilo kama amri ya dini. Ndani ya pazia ni kwa mkunga. Nje ni kwangu: sindano, dripu, kumpima mtoto uzito.

Mkunga wetu alikuwa Bi Saumu wa Kaloleni, mama mwenye asili ya Tanga, mpole ila mdomo anao. Mtoto akizaliwa, anagonga ukuta mara tatu. Hapo ndipo naingia na taulo, nampokea mtoto, yeye anabaki na mzazi.

Miaka yote nilikuwa najiuliza, hivi huko ndani anafanyaje? Mbona wazazi wanaingia wanalia, wanatoka wanacheka?

(Udadisi wangu umeshaniponza sana, ila tuyaache hayo.)

Basi tukasikia vile vyombo viwili vinaunganishwa. Leseni inakuwa moja, na anayeitaka lazima aonyeshe anaweza kote kote.

Nikamwomba Bi Saumu anifundishe. Akacheka. "Sista, siku zote ulikuwa unatamani kuchungulia. Leo umepata ruhusa."

Alinifundisha bila kuficha kitu, nami nikamwelekeza mambo ya dripu. Tukaenda kwenye intavyuu ya leseni pamoja, tukapata wote. Nilifurahi mno.

Dokta naye akafurahi, kwa sababu zake. "Kama kila mmoja anaweza yote, wawili wa nini?" Akanibakiza mimi, akamwambia Bi Saumu akapumzike nyumbani.

Nilimtetea, hakusikia. Roho iliniuma, maana yule mama alikuwa amenifundisha kazi iliyomtoa kazini.

Siku chache baadaye, mchana, akaletwa binti kutoka Kikatiti, na mama mkwe wake. Uchungu umekolea. Nikamlaza, nikaandaa vifaa, nikavuta pazia.

Halafu, wakuu, nikasimama nje na taulo mkononi.

Nasubiri kugongewa!

Mama mkwe akaniangalia. "Nesi, unamsubiri nani?"

Niliingia mbio, aibu imenijaa. Mtoto wa kike akatoka salama, analia vizuri. Ila mzazi akaanza kutoka damu nyingi. Tumbo linataka kukandwa, mtoto anataka kushikwa, na mimi ni mmoja. Niliogopa kuliko siku yoyote.

Nikagonga ukuta kwa kiwiko. Mara tatu. Hata sijui nilikuwa namwita nani.

Akaingia mama mkwe, akampokea mtoto kwenye kanga yake. Nikakanda tumbo mpaka damu ikakata.

Dokta alipofika, yule mama alikuwa bado amempakata mjukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie Dokta, mimi hapa umeniajiri?"

 Jioni hiyo Dokta alikwenda Kaloleni mwenyewe, kwa miguu yake, kumwomba Bi Saumu arudi.

Nilichojifunza: kuunganisha leseni lilikuwa jambo jema, bila hivyo mpaka leo ningekuwa nje ya pazia nashangaa. Lakini leseni zikiwa moja, mikono haiongezeki. Mzazi na mtoto ni watu wawili.

Bi Saumu aliporudi, mzazi wa kwanza tulimhudumia pamoja, bega kwa bega. Mtoto akatoka. Bi Saumu akageuka, akagonga ukuta mara tatu.

"Mama, niko hapa," nikamwambia.

"Najua," akasema, akanipa mtoto.

Manesi na wakunga wa zamani mliomo humu, nyie mlikuwa mnaitana vipi?