Pole ya Redio

Fundi redio wa mtaa wetu ni dada wa mke wangu, lakini nikifika dukani kwake hanisalimu mimi kwanza, husalimu kifaa. Hukipokea kwa mikono miwili, hukinusa kwenye matundu ya spika, kisha hukitikisa sikioni asikie kinachocheza ndani. Ncha za vidole vyake zimeota sugu kwa kuunguzwa na risasi ya kulehemu. Skrubu huzibana midomoni, ndiyo maana maneno yake ni machache. Mimi nikifunga kitu, lazima skrubu tatu zibaki.

Juzi nilimpelekea redio ya mke wangu, niliyokuwa naigeuza iwe kengele ya mlango kwa betri za tochi na waya wa simu mbovu. Aliinusa, akafumba macho.

"Pole sana."

"Nimeshapoa, shemeji," nikajibu.

Kumbe alikuwa anaiambia redio.

"Ilikuwa mbovu?"

"Nzima kabisa. Nilikuwa naiboresha tu."

Akazitema skrubu zote kiganjani, jambo ambalo sijamwona akimfanyia mteja yeyote. Akainama chini ya meza, akaibuka na redio nyingine iliyojaa vumbi. "Ukishikwa na hamu, chezea hii. Hii imeshakufa, huwezi kuiumiza zaidi."

Niliondoka kifua mbele, fundi mwenzake.

Leo nimemrudishia maiti ile inafuka moshi. Ameinusa, amefumba macho.

"Pole sana."

Safari hii nimesubiri kwanza nijue anaambiwa nani.